Tela halipangwi kwa nafasi, linapangwa kwa uzito

Mtu akipanda ndani ya tela tupu huku mzigo ukisubiri nje, jicho lake hupima nafasi. Anaona sakafu ndefu na anaanza kuijaza kutoka ukuta wa mbele kurudi mlangoni, mpaka mzigo uishe. Nimeishi na malori kwa muda mrefu, kwanza nikiwa utingo, baadaye dereva, na sasa nasimamia upakiaji. Matatizo mengi mazito niliyoyashuhudia barabarani yalianzia hapo hapo, gari likiwa limesimama na injini imezimwa, kwa watu waliopanga mzigo kwa kufuata nafasi na kusahau uzito.

Mzee aliyenifundisha kuendesha semi-tela hakushika usukani kabla ya kulizunguka gari lililokwisha kupakiwa. Yale yalikuwa magari ya springi za chuma. Alikuwa anainama kwenye kila gurudumu, anaingiza kiganja kwenye pengo lililo kati ya tairi na bodi, kisha anahamia upande wa pili kulinganisha. Pengo la kushoto likiwa dogo kuliko la kulia, anarudi kwa wapakiaji na kuwaambia wafungue turubai. Siku moja nilimwuliza, "Mzee, si hati inasema tani ishirini na nne, na tumeruhusiwa?" Akanijibu bila kuinua kichwa: "Hati inakuambia ni tani ngapi, kijana. Haikuambii zimekaa wapi."

Siku hizi vichwa vingi, yaani magari ya mbele yanayovuta tela, vina springi za hewa, na vingine vina geji inayoonyesha mgandamizo wa hewa kwenye ekseli za kusukuma, zile zinazozungushwa na injini. Ukilinganisha geji hiyo na vipimo vya mizani mara kadhaa, unajua ikisoma hapa uzito ni huu. Ninawahimiza madereva wote waizoee. Lakini bado nawaomba wazunguke gari kwa miguu.

Semi-tela limelala juu ya sehemu mbili tu. Mbele linaegemea sahani ya kichwa kupitia kingpini, ile pini nene ya chuma iliyo chini ya pua ya tela, nyuma linabebwa na ekseli zake. Fikiria watu wawili waliobeba gogo mabegani: aliye karibu na upande mnene ndiye anayeumia. Hesabu yake haihitaji shule kubwa. Pima umbali kutoka kingpini hadi katikati ya ekseli za tela. Pima tena kutoka kingpini hadi katikati ya mzigo. Gawanya kipimo cha pili kwa cha kwanza, zidisha kwa uzito wa mzigo, na jibu ndilo fungu la ekseli za tela. Kinachobaki kiko mgongoni mwa kichwa.

Chukua tela la mita 13.6, kingpini ikiwa mita 1.6 kutoka ukuta wa mbele, na kutoka kingpini hadi katikati ya ekseli tatu za nyuma kuna mita 7.7. Pakia tani 24 zilizosambaa sawasawa sakafu nzima. Katikati ya mzigo ni mita 6.8 kutoka ukuta wa mbele, yaani mita 5.2 kutoka kingpini. Ekseli za tela zinabeba tani 16.2 na kichwa tani 7.8. Gari hilo linatembea vizuri.

Sasa mzigo uwe wa chuma au vigae, vitu vizito visivyochukua nafasi kubwa. Tani zile zile 24 zinatosha kwenye mita 9, na wapakiaji wamezisukuma zote hadi zigote ukuta wa mbele, kwa sababu huko ndiko walikozoea kuanzia. Katikati ya mzigo imesogea hadi mita 2.9 kutoka kingpini. Ekseli za tela zinabaki na tani 9, kichwa kinalemewa na tani 15. Katika Umoja wa Ulaya ekseli moja ya kusukuma inaruhusiwa tani 11.5 kwa kawaida, na ndani yake umo uzito wa kichwa chenyewe. Kichwa cha ekseli mbili kikibebeshwa hivyo kimekwisha kuvunja sheria, ingawa mzigo haukuongezwa hata kilo moja. Breki nazo zinaharibikiwa: ekseli za nyuma zikiwa nyepesi, ukikanyaga ghafla magurudumu yake yanafunga na kuburuzika, na tela linaanza kutoka pembeni.

Wengine wakisikia hivyo hukimbilia upande wa pili na kurundika mlangoni. Zile mita 9 zikiwekwa nyuma kabisa, kichwa kinabakiwa na tani 0.6 tu, na ekseli za tela zinapokea tani 23.4. Dereva atauhisi usukani umekuwa mwepesi, na kwenye mlima wenye unyevu kidogo magurudumu ya kusukuma yatazunguka bila kushika. Mzigo wa namna hiyo mahali pake ni katikati. Acha kama mita 2.3 mbele na kiasi hicho hicho nyuma, halafu lile pengo la mbele ulizibe kwa paleti tupu au fremu ya mbao ngumu inayokwenda mpaka ukutani. Kazi ya kuziba ndiyo inayowachosha watu, na ndiyo maana wanasukuma mbele. Sijawahi kukubaliana na uvivu huo, kwa sababu anayelipa gharama yake ni mtu mwingine, naye yuko barabarani peke yake.

Viwango vya uzito wa jumla vinatofautiana. Marekani kikomo cha kawaida kwenye barabara kuu za kitaifa ni pauni 80,000, karibu tani 36.3, Ulaya ni tani 40 kwa safari nyingi za kuvuka mipaka, Jumuiya ya Afrika Mashariki inafika tani 56, kutegemea idadi ya ekseli. Pote huko ekseli inapimwa kivyake. Dereva anayejitetea kwenye mizani kwamba jumla yake iko chini ya kikomo hajibu swali aliloulizwa.

Kuna jambo moja ambalo hata madereva wazoefu huwa halijawahi kuwapitia akilini, nami nalieleza kila ninapopata nafasi. Ni mzigo wa wateja kadhaa kwenye safari moja. Utaratibu unajulikana: atakayeshushiwa mwisho anapakiwa kwanza. Rudi kwenye tela letu la tani 24 zilizosambaa sawasawa. Mteja wa kwanza anachukua theluthi ya nyuma, tani 8. Kila mtu anaona gari limepata nafuu. Piga hesabu. Zimebaki tani 16, zote ziko kwenye mita 9 za mbele. Ekseli za tela sasa zina tani 6.1, na kichwa, ambacho mwanzo kilibeba 7.8, kinabeba 9.9. Umeshusha tani 8 na kichwa kimeongezewa tani 2. Sababu ni kwamba sehemu kubwa ya mzigo ule ilikaa nyuma ya katikati ya ekseli, ikawa inauinua upande wa mbele. Ulipoondoka, mbele kukashuka. Gari lililotoka kiwandani likiwa halali linaweza kuwa na kosa baada ya kushusha.

Nakumbuka kituo kimoja, mtunza ghala amekwisha kusaini na ana magari mengine getini. Nikamwomba foklifti nirudishe paleti zilizobaki nyuma. "Dereva, umeshashushiwa, toka, wenzako wanasubiri." Nikamwambia, "Bosi wangu, nielewe. Mbele yangu kuna mteremko, na tela hili nyuma ni tupu. Nipe foklifti na kijana mmoja, siondoki hivi." Alinuna, lakini aliitoa. Tulihamisha paleti tukazisambaza kuelekea ekseli, tukaziba mbele kwa zile tupu, tukafunga upya. Mpaka leo, nikipanga safari ya wateja wengi, naangalia kwanza kama mzigo mzito unaweza kushushwa mapema, na kama njiani kutakuwa na kifaa cha kusogeza kinachobaki. Kama hakipo, mzigo unagawanywa kwenye magari mawili tangu mwanzo.

Kuhusu kushoto na kulia sina maneno mengi: pande mbili zilingane. Kwenye kimo kuna la kusema. Kizito kikae chini, chepesi juu, na sababu haiishii kwenye kuvunjika kwa maboksi. Kona yenye nusukipenyo cha mita 50 ukiipita kwa kilomita 40 kwa saa, mzigo unasukumwa nje kwa nguvu inayolingana na robo ya uzito wake. Ipite kwa kilomita 50 na nguvu hiyo inafika karibu 0.4 ya uzito. Umeongeza kilomita 10 tu, nguvu imepanda kwa zaidi ya nusu, kwa kuwa inakua kwa mraba wa mwendo. Lori lililopakiwa kwa kimo kirefu linaweza kulala kwenye kiwango hicho hicho, na tairi la ndani likishanyanyuka usukani hausaidii tena. Kwa hiyo wapakiaji wakiamua kuweka mashine juu ya maboksi ili kuokoa sakafu, wamempunguzia dereva mwendo anaoweza kutumia kwenye kila kona ya safari nzima, naye hajui.

Sasa kufunga. Hapa ndipo ninapoona imani kubwa isiyo na msingi. Mtu anashika mkanda wa racheti, anasoma kwenye lebo LC 2500 daN (daN moja ni karibu sawa na nguvu ya kilo moja), anasema huu unashika tani mbili na nusu. Lebo hiyo ina namba nyingine ambayo wachache huisoma, STF, mara nyingi 350 daN. LC ni nguvu ambayo mkanda unaruhusiwa kuvutwa ukiwa umenyooka. STF ni mkazo unaobaki kwenye mkanda baada ya mtu kukaza racheti kwa mkono wake. Ukiupitisha mkanda juu ya mzigo, kinachofanya kazi ni STF: unaukandamiza mzigo sakafuni, na msuguano ndio unaouzuia usiteleze.

Tuchukue sanduku la tani 2. Kiwango cha Ulaya cha EN 12195-1 kinataka mzigo uweze kuhimili 0.8 ya uzito wake kuelekea mbele, na 0.5 pembeni na nyuma. Kanuni za Marekani nazo zinataja 0.8 mbele na 0.5 kwa pande nyingine. Kwa sanduku letu, mbele tunahitaji nguvu ya kilo 1,600. Mbao juu ya sakafu safi ya plaiwudi ina msuguano wa 0.45, kwa hiyo sanduku linajishikilia lenyewe kwa kilo 900. Zimepungua 700. Mkanda mmoja uliosimama wima pande zote mbili unakandamiza kwa 350 mara mbili, yaani 700, na 0.45 ya hizo ni 315. Mkanda wa "tani mbili na nusu" umechangia kilo 315! Unahitaji mikanda 3, na hapo hujaweka akiba yoyote ya usalama. Kama sanduku ni fupi na mkanda umelala kwa nyuzi 30, mchango wake unapungua nusu.

Halafu jaribu hesabu hiyo kwenye sakafu yenye mchanga, unga au mafuta. Kiwango hicho cha Ulaya kinasema sakafu ambayo haikufagiliwa usiihesabie msuguano zaidi ya 0.2. Sanduku linajishikilia kwa kilo 400 tu, zinakosekana 1,200, na kila mkanda unachangia 140. Sasa unahitaji mikanda 9. Ndiyo maana kwenye timu yangu ufagio unaingia ndani ya tela kabla ya mzigo, na sikubali mtu aniambie muda hakuna. Mkeka wa mpira wa kuzuia utelezi chini ya paleti unapandisha msuguano hadi karibu 0.6, na kwa sanduku lile lile mkanda mmoja unatosha kwa shida, kwa hesabu tupu. Mkeka huo ni kipande kidogo, unakunjwa, unatumika tena na tena. Kwa maoni yangu hakuna kifaa kingine ndani ya lori kinachorudisha faida kama hicho.

Kilicho bora kuliko kamba zote ni mzigo usio na pa kwenda. Kanuni za upakiaji zilizotolewa mwaka 2014 na Shirika la Kimataifa la Bahari, Shirika la Kazi Duniani na Tume ya Uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa Ulaya zinasema mzigo uliopangwa kwa kubanana usiwe na mapengo yanayozidi sentimita 15 kwa jumla, upande wowote wa mlalo. Niliwahi kuitwa kuangalia tela lililofunga breki kwa ghafla. Paleti za madumu zilikuwa zimefungwa vizuri kwa plastiki, lakini kati yao na ukuta wa mbele palikuwa na pengo la karibu hatua moja. Safu ya kwanza ilikuwa imeupinda ukuta kwa nje. Umbali ule mfupi ndio ulioupa mzigo mwendo wa kugonga. Ungekuwa umegota ukutani tangu mwanzo, ukuta ungesukumwa tu.

Kila aina ya mzigo ina tabia yake. Vitu vya duara vinataka kabari zilizopigiliwa, mawe yaliyookotwa kando ya barabara hayafai. Mabomba ya chuma yakiwa na mafuta huchomoka katikati ya fungu hata kama mkanda wa nje umekaza. Tangi la maji au mafuta lililojaa nusu ni gumu kuliko lililojaa, kwa sababu kimiminika kinakimbia mbele na kurudi nyuma. Mashine yenye miguu midogo inatoboa sakafu, hivyo itandikiwe mbao nene zinazopita juu ya mihimili kadhaa ya tela. Ncha kali ziwekewe kinga ya kona, na mkanda uliokatika pembeni, uliofungwa fundo au uliopoteza lebo uondolewe kazini.

Halafu usiuamini uzito wa hati mia kwa mia. Paleti ya mbao ya Ulaya ina kilo 25 hivi, na tela la mita 13.6 linapokea 33. Hizo ni kilo 825 ambazo mara nyingi hazikuandikwa. Mbao mbichi, magunia yaliyolowa, vyote vinazidi karatasi. Kwa makontena yanayosafirishwa kwa meli, tangu tarehe 1 Julai 2016 mtuma mzigo analazimika kuthibitisha uzito halisi kabla ya kontena kupandishwa melini. Natamani utaratibu huo ungekuwepo kwa kila lori.

Hatari nyingine wanaipata walio ghalani. Tela likiachwa bila kichwa, limesimama kwa miguu yake, usiruhusu foklifti iingie mpaka mbele. Foklifti ya tani 2 za kunyanyua ina uzito wake wa tani kadhaa, na ikishapita miguu ya tela pamoja na paleti, pua ya tela inaweza kudidimia na kumtupa mwendeshaji ukutani. Ama kichwa kibaki kimeunganishwa, breki zimefungwa na kabari ziko magurudumuni, ama kuwekwe nguzo imara ya kushikilia pua.

Baada ya kuondoka, mzigo unakaa vizuri zaidi kwa mtikisiko, na mkanda uliokuwa umekaza unalegea. Sheria ya Marekani inamtaka dereva akague ndani ya maili 50 za kwanza, sawa na kilomita 80, kisha kila baada ya maili 150 au saa 3. Mimi nawaambia madereva wetu wasisubiri huko mbali: watoke, wafunge breki kwa mwendo mdogo wakiwa bado kwenye uwanja, washuke, waguse mikanda mmoja mmoja. Wapite pia na mkono kwenye vifungo vya turubai na komeo za milango.

Mwishoni kuna mlango. Kama kitu kimeteleza safarini, kimeegemea mlango kwa ndani na kinamsubiri atakayefungua. Fungua upande mmoja kwanza, ukiwa umesimama nyuma ya ubao wa mlango wenyewe, usisimame kwenye uwazi, na ulegeze komeo pole pole huku mkono ukisikilizia kama kuna kinachosukuma. Ukihisi msukumo, rudisha komeo na uite foklifti ije ishikilie mlango kabla ya kuendelea. Watu wa kushusha wabaki kando mpaka dereva awaite.